Mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri: jinsi ya kujipanga kuanzia kikundi mpaka rejesho la mwisho

Maswali ni yale yale kila wiki. Ule mkopo usio na riba unaombwaje, sisi tuko watatu tunaweza kuingia, ni kweli lazima umjue mtu pale ofisini. Nimeshajibu kwa mdomo, nimejibu kwa voisi noti, nimejibu nikiwa saluni nasukwa, sasa naandika mara moja ili ukimaliza kusoma uinuke uanze.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wanawake, mkopo huu tulichukua na tukaumaliza, na baada ya hapo nimekaa na vikundi kadhaa vya mtaani kwetu kuwasaidia kupanga makaratasi. Nilichokiona nakisema mapema kabisa: fomu sio ngumu, kigumu ni kikundi. Wengi wanaokwama wamekwama kabla hata hawajashika kalamu, kwa sababu walikusanyana wiki moja kabla ya tangazo, watu watano wamekutanishwa na hela, na hela ikiisha na wao wanatawanyika. Kwa hiyo hatua za mwanzo hapa chini ni ndefu na za mwisho ni fupi, nakuomba usiziruke zile ndefu.

Hii hela inatoka wapi

Kila halmashauri Tanzania inatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya kukopesha makundi matatu: asilimia 4 wanawake, asilimia 4 vijana, asilimia 2 watu wenye ulemavu. Ndo maana utasikia watu wanaiita nne nne mbili. Kifungu chenyewe ni 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, kiliingizwa mwaka 2018, kabla ya hapo ilikuwa ni maagizo tu, halmashauri hii inatoa ile haitoi. Riba hakuna. Ukikopa milioni 5 unarudisha milioni 5.

Aprili 2023 serikali ilisimamisha utoaji kwa sababu ya vikundi hewa na marejesho yasiyorudi, mwaka 2024 mikopo ikarudi na utaratibu mpya ambao uhakiki wake umekaza. Sikwambii hivi kwa ajili ya historia. Nakwambia ili siku ukiona unaulizwa maswali mengi, mara mtu kaja kupiga picha banda lako, mara anataka kumwona kila mwanachama kwa sura, uelewe kwamba hawakuonei, wanataka kujua kama mpo kweli.

Na hii sio sadaka wala ruzuku, ni deni. Hela unayorudisha ndiyo anakopeshwa jirani yako mwakani. Ukiweka pembeni mwa ile mikopo ya kausha damu, ambayo mtu anachukua laki moja leo na mwezi ukiisha anadaiwa laki na thelathini na asipolipa wanabeba tivii na jiko la gesi, utaona mwenyewe kwa nini nafasi hii haitakiwi kuchezewa.

Kabla hujaanza, hakikisha una hivi

- Watu wasiopungua 5 wanaofahamiana, kama ni kundi la wanawake au vijana. Kwa watu wenye ulemavu masharti ni nafuu, hata mtu mmoja mmoja anaweza kuomba, kwa hiyo kama ni wewe usikae unasubiri kupata watano.
- Namba ya NIDA ya kila mmoja, ile yenye tarakimu 20. Namba tu inatosha kuanzia, sio mpaka kadi iwe imetoka.
- Umri wa kuanzia miaka 18. Kwa vijana kuna ukomo wa juu, na kanuni zimekuwa zikirekebishwa, kwa hiyo muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata kabla hujamtoa mtu.
- Wanachama wasiwe na ajira rasmi. Mwalimu wa serikali hata kama ni rafiki yako wa damu na ana biashara nzuri, huku sio sehemu yake.
- Biashara inayoendelea au mradi unaoeleweka, ndani ya eneo la halmashauri mnayoiomba.
- Daftari kubwa la kaunta, faili, na picha za pasipoti za wote.
- Muda. Toka mnaanza mpaka hela iingie jihesabie miezi, sio wiki. Mwenye shida ya ada ya mtoto mwezi huu hii sio dawa yake, na nasema kwa upendo.

Hatua kwa hatua

1. Chagua watu, na uchague kwa tabia

Hapa ndo penyewe. Watu wengi wanachagua ndugu, au wanachagua wenye maneno mazuri kwenye vikao. Mimi nakwambia chagua mtu ambaye umeshamwona akidaiwa. Anayedaiwa hela ya mchezo anailetaje? Anakuja mwenyewe, au mpaka mumfuate mlango kwa mlango? Mwenye genge anayefungua saa kumi na mbili asubuhi kila siku, mvua jua, huyo ana kitu ndani yake ambacho hakuna semina itakayokupa.

Kosa la kawaida: kuweka majina ya kujazia. Mmefika watatu, mnaongeza shangazi aliyeko kijijini na binti aliye chuo ili mtimie watano. Siku ya uhakiki hawapo. Na hata wasiposhtukiwa, siku ya rejesho nyie watatu mnalipa kwa ajili ya watano, hapo ndo ugomvi unaanza. Bora usubiri miezi mitatu upate wawili wa kweli.

Hakikisha pia hakuna aliyejiandikisha kwenye kikundi kingine kinachoomba mkopo huo huo. Majina yanaingizwa kwenye mfumo kwa namba za NIDA, litaonekana tu.

2. Anzeni kuweka hela zenu wenyewe kabla ya kuomba ya mtu

Kila wiki, siku ile ile, saa ile ile. Hata kama ni elfu mbili mbili. Sisi tulianza na sanduku la bati lenye makufuli matatu kama wanavyofanya VICOBA, funguo tatu kwa watu watatu tofauti, na sanduku lenyewe kwa mtu wa nne ambaye hana funguo yoyote. Jumatano saa kumi jioni kwenye kibaraza cha mweka hazina wetu, sanduku katikati, tunahesabu kwa sauti, kila mtu anasikia jumla, katibu anaandika, tunafunga. Ilikuwa inachukua nusu saa.

Daftari lile la Jumatano ndilo lilitupa mkopo, naamini hivyo mpaka leo. Siku afisa maendeleo alipokuja, hakuanza na andiko la mradi, alilichukua daftari akafungua katikati, sio mwanzo, katikati, akakuta mahudhurio, nani kachelewa, nani kapigwa faini ya mia tano, jumla ya siku hiyo, saini. Akafungua na kurasa nyingine nne tano huku na huku. Halafu ndo akauliza mradi wenu ni nini. Daftari la miezi sita huwezi kulitunga usiku mmoja, wino unakuwa mmoja na mwandiko unakuwa umenyooka sana, wanajua.

Andika kila kikao: tarehe, waliokuja, wasiokuja na sababu, hela iliyoingia, hela iliyotoka, mlichokubaliana, saini. Basi, wala haihitaji Kiswahili cha bungeni.

3. Tengenezeni katiba yenu, sio ya kunakili

Steshenari nyingi zina katiba ya kikundi kwenye kompyuta, unalipa elfu kadhaa wanabadilisha jina wanakuprintia. Nimeshika kwa mikono yangu katiba ambayo jalada lina jina la kikundi hiki, na ukifika ibara ya 7 limebaki jina la kikundi kingine kabisa cha ufugaji wa kuku, wakati hawa ni mafundi cherehani. Ilirudishwa.

Chukua ile ya kunakili kama mfano wa mpangilio tu, halafu kaeni kikao mjibu haya kwa maneno yenu: mtu anaingiaje na anatokaje, kiingilio na hisa ni kiasi gani, viongozi wanakaa muda gani, mtu akikosa rejesho inakuwaje, mtu akifariki deni lake na hisa zake zinakwenda wapi, akihama je, mkigombana nani anasuluhisha. Yale mawili ya kufariki na kuhama watu wanayakwepa kwa sababu yanaleta uchuro, lakini yanatokea, na yakitokea kama hamna maandishi mnabaki mnatazamana msibani.

4. Sajili kikundi

Mlolongo uko hivi: unaanza serikali ya mtaa au kijiji, mwenyekiti na mtendaji wanaandika barua ya utambulisho kwamba wanawafahamu na mnaishi pale, mnaipeleka kata kwa afisa maendeleo ya jamii pamoja na katiba, muhtasari wa kikao cha kuanzisha kikundi, orodha ya wanachama na namba zao za NIDA. Yeye anawaelekeza kwenye usajili wa halmashauri mpaka mpate cheti.

Angalizo moja. Kama nyie tayari ni VICOBA mna usajili wa huduma ndogo za fedha, msidhani moja kwa moja mmemaliza. Kikundi cha kukopeshana na kikundi cha uzalishaji kinachoomba mkopo ni mambo mawili, ulizeni mapema kama cheti mlichonacho kinatosha au mnatakiwa kusajili upya kwa shughuli ya biashara.

Majina: hakikisha jina la mtu kwenye orodha linafanana herufi kwa herufi na NIDA. Mtaani anaitwa Mama Jeni, kwenye NIDA ana majina matatu ambayo hata wenzake hawayajui. Andika ya NIDA.

5. Fungueni akaunti ya benki ya kikundi

Jina la akaunti liwe sawasawa na jina lililo kwenye cheti. Watia saini watatu, na sharti la wawili kati ya watatu kutosha kutoa hela. Narudia, wawili kati ya watatu.

Sisi tuliandika wote watatu lazima wasaini, tukijiona tunajilinda. Mwenzetu mmoja akaenda Tabora kumuuguza mama yake, akakaa wiki tisa. Hela ya mkopo iko kwenye akaunti, tunaiona salio, hatuwezi kuigusa, na muuza mashine tuliyemwahidi akawauzia wengine. Kubadilisha watia saini nako kunataka muhtasari wenye saini za wote, pamoja na ya yule yule aliyeko Tabora. Tulituma karatasi kwa basi.

Na akaunti ikishafunguliwa iwe inapumua, ile hela ya sanduku ikifika kiasi fulani ipelekeni benki. Akaunti yenye miezi sita ya miamala midogo midogo inaongea vizuri kuliko barua.

6. Andikeni andiko la mradi lenye hesabu za kweli

Hapa watu wanaogopa bure. Andiko sio insha, ni hesabu iliyozungushiwa maelezo. Kurasa nne tano zinatosha: nyie ni nani, mnafanya nini sasa hivi, mnataka kununua nini, kitaingiza kiasi gani, mtarudishaje.

Nikuoneshe kwa mfano wa kikundi cha kukodisha viti na maturubai, bei hizi ni za mfano wa hesabu tu, za kwako zitoke kwenye profoma, yaani karatasi za bei kabla ya kununua, za wauzaji wawili watatu:

Viti 200 kwa 15,000 ni 3,000,000. Maturubai 2 kwa 900,000 ni 1,800,000. Meza 10 kwa 60,000 ni 600,000. Usafiri wa kuvileta 100,000. Jumla 5,500,000. Kikundi kina akiba yake 500,000, kwa hiyo mnaomba 5,000,000. Hiyo laki tano yenu iandike waziwazi, inaonesha na nyie mmeweka mkono.

Sasa rejesho. Tuseme mnapanga miezi 20, ni 250,000 kila mwezi. Hapa ndo wengi wanaandika kitu cha kufurahisha macho: "kila wiki tutakuwa na sherehe nne". Usiandike hivyo. Kaa na daftari uhesabu kazi ya kawaida, sio kazi kubwa. Kazi ya kawaida mtaani ni viti 100 na turubai 1. Viti 100 kwa 400 ni 40,000, turubai 30,000, jumla 70,000, toa guta na vijana wa kupakia 15,000, inabaki 55,000. Ukigawanya 250,000 kwa 55,000 unapata nne na nusu, maana yake mnahitaji kazi tano kila mwezi ili tu kulipa deni, hapo hamjapata hata mia ya kugawana. Je, mtaa wenu una sherehe, misiba na vikao vinavyofika vitano kwa mwezi, na washindani wawili tayari wapo? Kama jibu ni ndio, andika umejuaje. Kama ni hapana, punguza mkopo au ongeza muda.

Halafu fikiria miezi mibaya. Ramadhani harusi zinatulia, Kwaresma nako hivyo hivyo, na miaka mingine hivi viwili vinakutana, yaani miezi karibu miwili unabaki na misiba tu. Genge la matunda lina msimu wake, mshona sare za shule Desemba na Januari hana pa kupumulia lakini Machi anakaa. Kikundi kilichoandika kwenye andiko "mwezi huu biashara hushuka, tutatoa rejesho kwenye akiba tuliyoweka miezi iliyopita" kinaaminika kuliko kilichoandika faida iliyopanda kila mwezi kama ngazi.

Kosa jingine kubwa: kuomba kiasi kikubwa kwa sababu mmesikia wengine walipewa. Omba unachoweza kukirudisha mwezi mbaya. Ukimaliza vizuri unarudi unaomba zaidi.

7. Tuma maombi

Maombi siku hizi yanaingizwa kwenye mfumo wa TAMISEMI wa kielektroniki, kwa hiyo mnahitaji mtu mwenye simu nzuri au kompyuta na nyaraka zilizoskaniwa zinasomeka. Linki ya mfumo ichukue kwa afisa maendeleo wa kata, usifuate zinazosambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp, nyingine ni za matapeli wanaotaka namba zako za NIDA na hela ya "kuchakata fomu". Kuomba ni bure. Ukiona sehemu unaambiwa utume hela kwenye namba ya mtu binafsi, toka hapo.

Nenosiri liandikwe kwenye daftari la kikundi, lisikae kichwani kwa kijana mmoja wa steshenari. Kabla ya kutuma someni wote kwa pamoja, mmoja anasoma kwa sauti wengine wana nakala mkononi. Tarehe, jina la akaunti, namba ya akaunti, kiasi. Tarakimu moja ikikosewa mnasubiri upya.

8. Uhakiki

Maombi yanaanzia kata, yanapanda halmashauri, na wilaya nao wana mkono wao kwenye uhakiki. Watakuja kuwaona. Kila mwanachama awe anajua mradi, sio mwenyekiti peke yake. Maswali ya kawaida: mkopo mmeomba shilingi ngapi, wa nini, rejesho ni kiasi gani kwa mwezi, mweka hazina wenu nani, mlikutana lini mara ya mwisho. Nimeona mwanachama akiulizwa kiasi cha mkopo akamgeukia mwenyekiti. Kimya kile kilikuwa kirefu sana.

Mtapewa pia mafunzo kabla ya hela. Nendeni wote, na muulize maswali, usiende kusubiri chai.

9. Mkataba, halafu hela

Soma mkataba. Angalia tarehe ya rejesho la kwanza, kiasi cha kila mwezi, idadi ya miezi, na nini kinatokea mkichelewa. Piga picha kila ukurasa, tuma kwa wanachama wote.

Halmashauri inaweza kuwapa vifaa badala ya fedha taslimu, msikasirike. Ila msipokee kifaa bila kukiwasha. Mashine ya kusaga iwake, isage mbele yenu, cherehani ishone, ndo msaini.

Kama ni fedha, nunueni kile kilichoandikwa kwenye andiko, wiki ile ile, mnakwenda wawili au watatu, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, mnadai. Na sasa nasema kwa ukali kidogo: MSIGAWANE. Watu watano, milioni tano, kila mtu moja moja anaenda kuongezea mtaji wake, inaonekana ni haki. Baada ya miezi miwili mmoja mtoto kaugua, mwingine kalipa kodi ya nyumba, na deni bado ni la kikundi kizima, wote watano. Sijaona kikundi kilichogawana kikabaki na amani.

10. Rejesho

Lipeni kwa namba ya malipo ya serikali mliyopewa, kamwe msimpe mtu hela mkononi akawalipie, hata awe mzuri vipi. Risiti ya kila mwezi inabandikwa kwenye daftari, na nyuma yake unaandika salio la deni lililobaki. Tengeni hela kila wiki, sio kila mwezi. Kwa mfano wetu wa juu, 250,000 ni kama 62,500 kwa wiki, inaonekana inabebeka. Ukisubiri tarehe 28 ndo uitafute laki mbili na nusu yote, utaikimbia.

Milango mingine miwili ya kuulizia ukiwa huko huko

Kitambulisho cha mjasiriamali mdogo. Kilianza Desemba 2018 kwa malipo ya shilingi 20,000, ni kwa wale ambao mauzo yao hayafiki milioni 4 kwa mwaka. Mauzo nimesema, sio faida, na milioni 4 kwa mwaka ni kama 11,000 kwa siku, kwa hiyo mwenye duka linalouza elfu hamsini kwa siku huyo anatakiwa kuwa na TIN, yaani namba ya mlipakodi, ambayo kuipata ni bure, na leseni ya biashara, inayoombwa kwenye TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri.

Mwingine ni tenda. Sheria ya ununuzi wa umma inataka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya manunuzi yao kwa makundi maalum, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Kikundi kikishasajiliwa mnaweza kuingia kwenye NeST, mfumo wa mtandaoni wa tenda za serikali, kama kundi maalum. Usafi, chakula cha vikao, kushona sare, samani za shule, hizi ni kazi ambazo watu wa mtaani wanaziweza kabisa na wengi hawajui kama zimewekewa nafasi. Muulize afisa maendeleo huyo huyo, maana kundi linahitaji kutambuliwa rasmi kwanza.

Ukikwama

*Maombi yamekaa muda mrefu kimya.* Usiende ofisini kwa hasira. Nenda na namba ya maombi na tarehe ya kutuma, uliza yako ngazi gani: kata, halmashauri au wilaya. Ukijua ngazi unajua pa kufuatilia. Na kumbuka hela inatokana na makusanyo ya halmashauri, inatolewa kwa awamu, mnaweza kuwa mmepita lakini awamu haijafika.

*Tumekataliwa.* Omba sababu kwa maandishi. Mara nyingi ni kitu kinachorekebishika, jina limekosewa, profoma haina muhuri, mwanachama ana ajira. Rekebisha uombe awamu inayofuata, usivunje kikundi.

*Mtu anadai hela ya soda ili faili letu lisogee.* Usitoe. Andika jina la ofisi, siku, saa, alichosema, na piga 113 TAKUKURU, ni bure. Ukitoa mara ya kwanza faili litakwama tena mara ya pili.

*Halmashauri inasema kwanza tupeleke wanachama kumi, au tuwe chama fulani.* Mwombe akuoneshe imeandikwa wapi kwenye kanuni. Uliza kwa heshima tu. Mkopo huu hauna chama.

*Mwanachama kahama au kafariki katikati ya mkopo.* Kaeni kikao ndani ya wiki, andikeni muhtasari, pelekeni kata. Fuateni ile ibara ya katiba. Msijaze jina la mtu mwingine kimya kimya kwenye nafasi yake.

*Biashara imeyumba, mwezi huu rejesho halijatimia.* Hapa wengi wanazima simu, na hilo ndo kosa linalowageuza kuwa wadaiwa sugu. Nendeni kabla ya tarehe, sio baada. Chukueni daftari, mkaoneshe mauzo ya miezi mitatu, kilichotokea ni nini, leo mna kiasi gani mkononi, na mnapendekeza mlipeje kilichobaki. Lipeni hata nusu siku hiyo hiyo mpate risiti. Sisi ilitutokea mwezi wa saba, cherehani mbili kati ya nne ziliharibika wiki moja, tulikwenda na laki na ishirini mkononi pamoja na barua ya ukurasa mmoja, tukaongezewa muda wa kumalizia salio la mwezi ule, na lile daftari la Jumatano ndilo tulilolifungua pale mezani.